Mgonjwa wa kiharusi asiyeona upande mmoja: namna ya kumtambua, kumpigania na kuishi naye

Wiki ya tatu tangu baba arudi kutoka hospitali, mdogo wangu alimshika mkono kwenye sinia. Baba ni fundi mitumbwi wa hapa Ujiji, Kigoma, na alitulea kwa kanuni moja ya chakula: kila mtu ale mbele yake. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mkono mbele ya wajukuu, huku ugali wa muhogo na mgebuka wa upande wake wa kushoto haujaguswa. Analalamika kwamba watoto wamemaliza samaki. Mama aliinuka akaenda kulia uani. Sote tuliamini akili ya mzee imeondoka.

Nilizungusha sinia ili kumaliza ugomvi tu. Baba akatazama, akasema, "Kumbe samaki mlikuwa mmemficha."

Ilikuwa 2021. Tangu siku ile mpaka daktari alipoandika kwenye faili kwamba mzee haoni kushoto, ilipita miezi saba, na kliniki tulikwenda kila mwezi. Hakuna aliyetufukuza. Ila kila mlango ulimtazama kwa kipande chake. Wa presha walipima presha. Wa mazoezi walinyoosha mkono na mguu. Wa macho walimsomesha herufi za ukutani, akazisoma zote mpaka zile ndogo, wakaandika kwamba macho ni mazima. Na kweli macho yake ni mazima. Kilichoharibika ni njia ya kuona ndani ya ubongo, na njia hiyo hakuna mlango ulioiona kuwa ni kazi yake. Nawaandikia ninyi mnaouguza ili msipoteze miezi hiyo, maana ndiyo miezi yenye faida: upande uliopotea, kama utarudi, mara nyingi hurudi katika miezi mitatu ya mwanzo.

Kinachopotea ni nini

Ubongo wa kulia ndio unaopokea picha za upande wa kushoto, kutoka jicho la kulia na la kushoto pia. Kiharusi kikipiga kulia, upande wa kushoto unaweza kupotea kwa macho yote mawili. Kikipiga kushoto, unapotea wa kulia. Mgonjwa haoni giza upande huo. Kwake upande huo haupo, kama wewe usivyoona kilicho nyuma ya kisogo chako, na hulalamiki kwamba kisogo kimeingia giza. Ndiyo maana ukimuuliza "unaona vizuri?" atakujibu, "Naona." Usimuulize hivyo.

Kuna shida nyingine inayofanana nayo: ubongo kuusahau upande. Macho yanaweza kuleta picha, lakini ubongo hauijali. Mtu wa namna hii hunyoa nusu ya ndevu, huvaa mkono mmoja wa kanzu akaridhika, huacha mkono wake karibu na jiko la mkaa asijue. Mara nyingi husahauliwa upande wa kushoto. Baba alikuwa na zote mbili.

Wengine huona kimoja kuwa viwili. Hilo nilimalize hapa hapa: mfumbe jicho moja, kikirudi kuwa kimoja ujue macho yameachana mwendo. Wakati mnasubiri daktari wa macho, bandika plasta ya karatasi kwenye kioo kimoja cha miwani, uwe unabadilisha upande. Asimimine chai ya moto wala kushuka ngazi peke yake, kwa sababu jicho moja halipimi umbali sawasawa.

Haya si mambo ya nadra. Uingereza, utafiti uliochapishwa 2019 ulipima macho ya wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 1,000, na karibu watatu katika kila wanne walikutwa na tatizo la kuona. Kijana wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenisomea habari hiyo kwenye simu yake, naye alinyamaza kidogo baada ya kusoma. Wodi aliyofanyia kazi miaka minne hakuwahi kuona mgonjwa akipimwa hivyo.

Kabla sijaendelea, habari ya miwani. Kaka yangu aliuza mbuzi wawili tukanunua miwani ya baba, kwa sababu muuzaji alituambia itamrudishia upande. Haikurudisha kitu. Miwani husaidia ukungu wa karibu na wa mbali. Upande uliopotea kwenye ubongo haurudishwi na kioo wala matone. Ila kama mgonjwa alikuwa anavaa miwani kabla ya kiharusi, mpelekee wodini siku ile ile. Wengi huisahau nyumbani, mgonjwa akahesabika mzito wa kuelewa kumbe haoni tu.

Mpime nyumbani

Kaeni mkitazamana, magoti yakikaribiana. Yeye azibe jicho moja kwa kiganja, akutazame puani. Wewe nyoosha mikono pembeni, katikati yenu, onyesha kidole kimoja au viwili, umuulize ni vingapi. Fanya juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Kama hawezi kusema, na wengi kiharusi huwafunga ulimi, aonyeshe kwa vidole vyake. Mtazame machoni kila mara: akihamisha macho kutoka puani kwako, anza upya, la sivyo utajidanganya. Kisha jicho la pili. Akikosa upande ule ule kwa macho yote mawili, tatizo ni la ubongo. Akikosa kwa jicho moja tu, huenda ni jicho lenyewe, na hilo lina daktari wake.

Mwisho macho yote yawe wazi, tikisa vidole pande zote mbili kwa wakati mmoja. Akiwa aliona kila upande ulipokuwa peke yake, lakini sasa anataja wa kulia tu, basi ubongo unausahau upande. Hakikisha kwa maharage: tawanya punje ishirini kwenye sinia lote, mwambie aziokote zote. Baba aliokota kumi na moja, akasema amemaliza. Tisa zote zilikuwa kushoto.

Andika. Tarehe, jicho gani, upande gani, punje ngapi. Daftari la shule linatosha. Daftari langu ndilo lililofungua mlango ambao machozi ya mama hayakuufungua.

Ukifika hospitali

Usiseme "haoni vizuri", maana watampeleka kwenye herufi za ukutani, atazisoma, na mtarudishwa. Sema hivi: "Tangu apate kiharusi haoni upande wa kushoto kwa macho yote mawili. Nimempima kwa vidole, haya ndiyo majibu. Naomba mumpime upana wa kuona, siyo herufi peke yake, na muandike kwenye faili." Kisha ungoje mpaka waandike. Kisichoandikwa, daktari wa mwezi ujao hatakijua, na madaktari wanahama.

Nikueleze kwa nini nakazania faili. Hospitali moja, sitaitaja, mtu wa mazoezi alikuwa akisimama kushoto kwa baba, upande uliopooza, ndio uliohitaji mazoezi. Anamwonyesha jinsi ya kuinua mguu. Baba hamwoni. Anaambiwa "fanya kama mimi", anatazama mbele. Kwenye faili wakaandika kwamba mgonjwa hashirikiani. Neno hilo moja lilitupunguzia siku za mazoezi kutoka mbili kwa wiki hadi moja kwa mwezi, tukaambiwa nafasi wapewe wenye juhudi. Mzee aliyechonga mitumbwi miaka arobaini hana juhudi! Hilo bado linaniuma. Basi ikiwa mgonjwa wako anaitwa mkaidi, mzito au mwenye kiburi, anza na kipimo cha vidole kabla hujakubali.

Mambo madogo ya siku ya kliniki. Mkalishe kwenye benchi ukuta uwe upande asioona, mlango na muuguzi wawe upande anaoona. Mwambie muuguzi amguse bega badala ya kumpungia. Maelezo ya dawa yanayoandikwa kwa herufi ndogo kwenye bahasha, yaandike upya kwa kalamu nene: sisi dawa ya asubuhi tunaifunga mpira mmoja, ya jioni mipira miwili, baba anapapasa anajua. Akiwa ametimiza miaka 60, ulizia dirisha la wazee. Usimsimamishe foleni kuu kwa kuwa hujauliza.

Kwenye ulemavu ndipo tulipokwama zaidi. Nilipokwenda ofisi ya mtaa kuomba baba aandikishwe, nikaulizwa, "Mzee si anatembea? Na jana alinisalimia." Alimsalimia kwa sababu alisimama kulia. Mtu anayebeba fimbo nyeupe anaeleweka, na anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu anaeleweka. Mwenye nusu ya dunia anaonekana mzima, basi anaachwa nje ya kila orodha. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na haikuishia kwa wasioona kabisa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ukiwa na cheti cha daktari kinachosema wazi amepoteza upande gani na kazi gani hawezi tena. Kuna pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengewa watu wenye ulemavu. Bila kuandikishwa, huna pa kuanzia.

Nyumbani: salamu ya kushoto

Zoezi lililomsaidia baba kuliko yote halikutoka kwenye karatasi. Kijana wa mazoezi, yule aliyenisomea utafiti, ni Mkristo wa Kasulu. Alikuja siku moja akamkuta baba anamaliza swala ya alasiri, anatoa salamu: kichwa kulia, kisha kushoto. Akamwambia, "Mzee, hapo kushoto ulipogeuka, uliniona?" Baba akasema ndiyo, amemwona. "Basi kila unapoingia mahali, toa salamu ya kushoto."

Ndivyo tunavyomwambia mpaka leo. Akiingia chumbani, salamu ya kushoto. Akikaa kula, salamu ya kushoto mpaka aone ukingo wa sinia. Maana yake ni kugeuza kichwa na macho mpaka mbali kuliko anavyodhani inatosha, aone, kisha arudi. Tulianza mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Wajukuu walimfichia vifuniko vya soda upande wa kushoto wa baraza, yeye anavitafuta bila kunyanyuka, na wao wanahesabu kwa sauti. Upande wenyewe haukurudi wote, lakini kichwa kilijifunza kuufuata, na hilo hujifunzwa hata kama ile miezi mitatu imepita.

Ugomvi wa nyumbani ulikuwa huu: vitu viwekwe upande gani? Mama alitaka kila kitu kiwe kulia, apate raha. Kijana alitaka kila kitu kiwe kushoto, ajifunze. Mimi niliamua hivi, na sijajuta: chochote kinachounguza, kinachokata au kinachohitajika usiku, yaani jiko, kisu, tochi na dawa, kiwe upande anaoona. Mazungumzo, redio na wageni wanaokaa wawe upande asioona, lakini wamguse mkono kwanza na kutaja jina. Majirani wasioambiwa walikuwa wanamsalimia kushoto, wanapita wamekasirika.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo vipande vyekundu havinipungukii. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mwimo wa kushoto wa kila mlango, kimo cha bega. Alama za kugonga zilizokuwa begani mwake zikaisha.

Kusoma ndiko kulikotuchukua muda. Baba husoma Msahafu na husoma gazeti, na kila kimoja kilimsumbua kwa namna yake. Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto, kwa hiyo maneno yanayofuata yamo kwenye upande asiouona. Anakwenda neno moja moja kama mtoto wa madrasa, na anasimama akidhani aya imekwisha. Kiswahili ni kinyume: anafika mwisho wa mstari vizuri, lakini akirudi hapati mwanzo wa unaofuata, anaanzia katikati, maana inavurugika. Dawa ilikuwa moja. Nilizungushia rula kitambaa chekundu, tunailaza ukingo wa kushoto wa ukurasa, bila gundi wala kubandika kitu kwenye Msahafu. Kwenye gazeti asianze mstari mpaka aone wekundu. Kwenye Msahafu asiache mstari mpaka afike kwenye wekundu. Aliyepoteza upande wa kulia, rula ihamie kulia. Wengine husaidika kwa kulaza ukurasa ubavu, mistari iwe inashuka wima. Baba alijaribu akakataa.

Barabarani

Baiskeli na pikipiki, hapana. Hata akibembeleza.

Kwa miguu, fikiria jinsi magari yetu yanavyokwenda. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukivuka, gari za karibu hutoka kulia na za upande wa pili hutoka kushoto. Asiyeona kushoto ataziona za kwanza, atangoja, ataingia kwa kujiamini, kisha agongwe katikati ya barabara na zile za kushoto. Baba aliponea chupuchupu barabara ya Mwanga, bajaji ilimpitia kanzu. Aliyepoteza upande wa kulia huwa hatarini tangu hatua ya kwanza. Anayemsindikiza akae upande asioona, mgonjwa amshike juu ya kiwiko, na wakifika katikati ya barabara wasimame, atoe salamu nyingine.

Akikwambia anaona watu

Mwezi wa pili baba alianza kuona watoto wameketi kimya kushoto, pembeni ya kabati. Siku nyingine aliona mtumbwi ukutani. Aliwasalimia wale watoto, hawakumjibu. Shangazi alitaka aletwe mganga amtoe jini, na ndugu wengine wakataka tuache dawa za presha kwanza.

Ubongo ukikosa picha upande mmoja, wakati mwingine hujichorea za kwake. Huwa ni picha tupu, hazisemi, na mara nyingi mwenyewe hujua si za kweli ukimuuliza taratibu. Si wazimu. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa waliorogwa, kwa hiyo muulize wewe: "Kuna vitu unaviona ambavyo sisi hatuvioni?" Baba alipofahamishwa, alipumua kama aliyetua mzigo. Tulimfundisha kupepesa macho na kuugeukia upande ule. Watoto walikuwa wanaondoka, na baada ya miezi hawakurudi. Mwambie daktari hata hivyo. Zikija na homa, kuchanganyikiwa, mwili kutikisika au sauti zinazomwamrisha, ni hospitali siku ile ile. Dawa za presha zisikatwe kwa sababu yoyote ya nyumbani. Kiharusi cha pili huwa kinangojea hapo.

Kwa walio mbali, na kwa asiye na mtu

Sisi wa Ujiji tuna bajaji. Mtu wa Kalya au Kagunga, vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mara nyingi hutegemea boti, na ziwa likichafuka, hakuna kliniki. Wakati baba anaanguka, kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, lakini kadi hailipi nauli ya boti, wala chakula cha anayesindikiza, na asiyeona upande hawezi kusafiri peke yake. Kila safari ni nauli ya watu wawili.

Kwa wanawake ni zaidi. Baba aliuguzwa na wanawake watatu. Mama mmoja wa Kibirizi, mwanika dagaa, alipata kiharusi akapona miguu. Akawa anageuza dagaa upande mmoja tu wa kichanja, wa upande wa pili wanaoza, mumewe akasema amekuwa mvivu, akaondoka. Alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Hakuna aliyekaa mbele yake na kuonyesha vidole, mpaka nilipokwenda kununua dagaa nikaona kichanja. Kama mtaani kwenu kuna mtu aliyeugua kiharusi na anaishi peke yake, kipimo ni dakika tano.

Na kama mnatoka kijiji cha boti, fanyeni kipimo cha vidole na cha maharage kabla ya kupanda, siyo baada ya kufika. Safari moja ibebe shida zote: daftari, dawa zote ndani ya mfuko mmoja, miwani ya zamani, kadi ya bima, kitambulisho cha umri. Omba siku ya macho na siku ya mazoezi zipangwe pamoja; waambie mmekuja kwa boti, wengi wakielezwa hupanga. Kabla ya kuondoka omba cheti cha upande uliopotea, nakala mbili, moja ya zahanati ya kijijini. Ndani ya boti mkalishe ubavu wake usioona ukiegemea kwako, na mkono uliopooza uuweke mapajani mwake ambapo anauona.